Gesi Isiyonuka na Tundu la Papa Paluku

Nyinyi vijana mnaofunga paneli za jua juu ya mabati ya watu, nawapenda, lakini mnanichekesha. Mnaleta betri iliyozibwa pande zote, isiyokunywa maji wala kujua asidi, mnaisukuma chini ya kitanda cha mteja, mnakwenda zenu. Mkinikuta nimekaa mlangoni kwangu hapa Butembo mnasema, "Papa Kasereka, weye ulikuwa fundi wa zamani." Sawa, wa zamani. Lakini nimechaji betri za watu zaidi ya miaka thelathini, Butembo kwanza, kisha Beni, kisha Butembo tena, na vidole vyangu vyote kumi ninavyo. Zilizokufa ni suruali. Asidi ilizitoboa moja baada ya nyingine, mpaka mke wangu akawa anawaambia wageni kwamba ameolewa na chujio.

Leo nataka kuwasimulia habari za gesi moja ambayo nimeishi nayo kuliko nilivyoishi na ndugu zangu, na sijawahi kuiona hata siku moja. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Shuleni wanaiita hidrojeni. Sisi mafundi tuliiita mvuke wa betri, na hilo lilikuwa jina la kijinga, maana mvuke unauona na hii huioni.

Inatoka wapi? Betri zetu zilikuwa na sahani za risasi ndani ya asidi na maji. Ukianza kuchaji, umeme unaingia kwenye sahani na kutulia humo. Betri ikishajaa, nawe bado unailisha, umeme hauna pa kwenda, basi unaanza kuyapasua maji. Maji ni hidrojeni na oksijeni zilizooana. Umeme unaivunja ile ndoa, na kila mmoja anatoka kivyake kwa mapovu. Tulikuwa tukisema betri "inachemka", ingawa ukiigusa ina uvuguvugu tu.

Na hidrojeni ikitoka, inapanda. Hakuna gesi nyepesi kuliko hiyo duniani. Gesi ya jikoni ikivuja hulala sakafuni, lakini hii haijui sakafu. Inapanda mpaka ikutane na kitu cha kuizuia, na hapo inajikusanya, inangoja. Cheche ndogo tu inaitosha, hata ile ya kuvua sweta ya nailoni siku ya jua. Kumbukeni neno hilo la kupanda, kwa sababu mimi nilikataa kulikumbuka na nitawaambia yaliyonipata.

Kwanza niwatoe ushamba mmoja. Nimesikia fundi wa juzi akimwambia mteja, "Nasikia harufu ya hidrojeni." Husikii kitu, kijana. Ile harufu ya yai bovu ni ya mtoto wake aliyemzaa na salfa, na ni sumu kweli. Ukiisikia, zima chaja, fungua mlango, toka nje, ndipo uanze maneno yako.

Ukoo wa hidrojeni ni mkubwa kuliko wetu Wanande, na mnajua sisi tulivyo. Imo ndani ya maji unayokunywa na ndani ya asidi inayotoboa suruali. Imo ndani ya mbolea nyeupe ambayo watu wa Lubero wanawekea viazi, na ndani ya ile dawa inayotoa povu kwenye kidonda ukapiga kelele mbele ya muuguzi mrembo. Hata siagi ya mkate, nyingine ni mafuta ya maji yaliyolishwa hidrojeni kiwandani hadi yakaganda. Mtu wa ukoo wa namna hiyo, lazima ujue anakubali kuishi na nani na anakataa nani.

Kwa mfano chumvi. Betri haitaki chumvi. Mzee mmoja mtunza sakristia aliniletea betri ya vipaza sauti vya kanisa, imekufa kabisa. Nikafungua vifuniko, pua yangu ikapata harufu ya klorini, ile dawa ya kufulia mashuka.

"Papa, ulitia maji gani humu?"

"Maji muzuri kupita yote, Kasereka. Maji ya baraka."

"Na ile baraka yenu iko na chumvi?"

"Mais bien sûr! Padri anatiaka chumvi, anasali, anachanganya."

"Donc mumeua batterie na baraka."

Akafikiri kidogo, akaniuliza kwa unyenyekevu, "Sasa haiwezi kufufuka siku ya tatu?"

Haikufufuka. Betri inataka maji matupu, yaliyopanda kwa mvuke na kushuka tena. Tuliyatengeneza wenyewe: sufuria iliyofunikwa vizuri, bomba la shaba linalopita ndani ya ndoo ya maji baridi, na chupa upande wa pili ikipokea tone moja moja. Asubuhi nzima kwa chupa mbili. Kazi hiyo ndiyo iliyonifundisha subira, au tuseme ilijaribu.

Aliyenifundisha ni Papa Paluku. Nyumba yake ya kuchajia ilikuwa kwenye barabara ya kwenda Rughenda, chumba kimoja cha mbao chenye meza ndefu, chaja mbili, na nje jenereta ambayo sote tuliiita groupe. Betri zilikuja kutoka kila upande: za redio, za taa, za malori, za makanisa ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti, nazo zilikaa meza moja bila ugomvi. Papa Paluku alikuwa mfupi, mkali, msafi kupita kiasi, na alifundisha kwa amri. Asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Zima groupe kwanza, ndipo utoe kibanio cha waya, ambacho yeye alikiita pince. Usivae saa ya chuma. Mimi nilizijua amri zote kama katekisimu, nikizitamka bila kuzielewa. Nilimwaga maji ndani ya asidi mara moja tu, nione kitatokea nini. Yalichemka papo hapo, yakanirukia, na shati langu likawa na madirisha.

Sasa, juu ya paa la nyumba ile, katikati kabisa, palikuwa na tundu. Mabati ya pande mbili hayakukutana, na kati yake ungeweza kupitisha mkono wako mpaka kwenye bega. Papa Paluku aliweka kipande cha bati juu ya tundu, kimeinuliwa kwa vijiti, lakini mvua ya Butembo haiji kwa adabu, inakuja kwa upande. Maji yaliingia. Baridi iliingia. Nyinyi mnaijua baridi yetu ya asubuhi, ile inayowafanya watu wa Beni wakija huku wavae blanketi njiani. Wateja walicheka. Walisema mzee ana betri za mji mzima na hana bati moja la kuzibia nyumba. Niliona haya kwa niaba yake.

Nilimuuliza mara moja tundu lile ni la nini. Alijibu, "Iache vile iko." Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yangu yote juu ya tundu.

Ngojeni kidogo, nitarudi hapo. Miaka mingi baadaye, nikiwa Beni, wakati ugonjwa ule wa kutokwa damu ulioanzia Mangina ulipotutia hofu na kila mlango ukawa na ndoo ya kunawia, waliniita kwenye kituo kimoja cha afya nilete betri. Walikuwa na kifaa cha kutengeneza maji ya klorini: unatia chumvi kwenye maji, unazamisha vipande viwili vya chuma, unapitisha umeme. Fundi wao kijana, mwenye buti mpya, alikuwa amekiweka ndani ya stoo isiyo na dirisha, na kufuli mlangoni kwa ajili ya wezi. Nikachungulia. Mapovu yalikuwa yakipanda. Nikacheka peke yangu, kama mtu aliyemkuta jirani yake wa zamani katika mji wa mbali.

"Petit, toa hii kintu inje."

"Papa, ni chlore tu."

"Chlore inabakia mu maji. Na ile mapovu, ni nani?"

Akachukua karatasi ya maelezo, akasoma, akasoma tena, halafu akakibeba kifaa mpaka barazani. Nilimpenda kwa hilo. Mimi katika umri wake sikusoma karatasi yoyote, na hakuna aliyenipa.

Basi, turudi Butembo. Papa Paluku alikwenda Kasindi kupokea madumu ya asidi yaliyotoka Uganda, akaniachia nyumba kwa siku mbili. Mvua ikanyesha siku hizo zote. Tone likanipiga shingoni, lingine likanipiga, na la tatu ndilo lililonifanya mjinga. Nilipanda juu na gunia, ubao na misumari, nikaziba tundu lile barabara, nikapaka lami pembeni. Nikashuka nikifurahi. Nilifunga na dirisha pia, kwa sababu ya baridi. Kwa mara ya kwanza nyumba ile ilikuwa na joto, na nilijiona nimemfanyia mzee wangu jambo jema. Nilitaka arudi, aone, anisifu.

Alirudi jioni akiwa amechoka, akalala. Asubuhi, mimi nilikuwa tayari nimewasha groupe zamani, na betri kumi na mbili zilikuwa zinachemka vizuri juu ya meza. Papa Paluku akaingia akiwa na chai mkononi. Mteja mmoja alikuwa akipiga honi nje, ana haraka. Ili nionekane mwepesi mbele ya mzee, nilinyoosha mkono nikang'oa kibanio cha betri ya mteja yule huku groupe ikiendelea kunguruma.

Niliona cheche ya buluu. Kisha sikusikia mlio, nilisikia kifua changu. Paa lilinyanyuka na kurudi. Ubao wangu na gunia langu vikaruka juu, vikaanguka nyuma kwenye kabichi. Betri iliyokuwa karibu na Papa Paluku ilipasuka, na asidi ikamwingia machoni.

Hapa sina utani. Nilimshika, nikamburuta hadi kwenye pipa la maji, nikamwosha macho kwa kikombe, na kikombe, na kikombe, huku nikiyafungua kwa vidole naye akinitukana kwa Kinande. Mtu akaleta mafuta ya mawese, nikamfukuza. Mwingine akaleta majivu. Maji, vijana. Maji mengi, muda mrefu, kuliko unavyodhani inatosha, ndipo umpeleke kwa daktari. Daktari alisema maji yale ndiyo yaliyomwokoa. Akamfunga macho yote mawili kwa bandeji, akasema baada ya siku tatu tutajua.

Lakini Butembo haikuwa na subira ya siku tatu. Ilitaka mwenye kosa siku ileile. Na kila asubuhi, saa ileile, mbele ya mlango wetu alikuwa akipita Mama Kavira, mjane aliyeuza mandazi pale kwenye kona. Alibeba mbabula yake, lile jiko la makaa, ikiwa tayari ina makaa mekundu, ili afike na kuanza kukaanga. Siku ile mlipuko ulimkuta hatua kumi kutoka mlangoni, moto mkononi. Jirani yetu Mama Masika, aliyekuwa na sauti ya kengele, alisema ameona kwa macho yake: moto wa Kavira uliruka ukaingia ndani. Kufikia mchana, moto ule ulikuwa umeshaitwa moto wa Kavira. Kufikia kesho yake, watu walikuwa wanakumbushana mume wa Kavira alikufaje, na neno mulozi, yaani mchawi, lilikuwa linatembea kwa sauti ya chini.

Mimi nilijua. Nilijua cheche ilikuwa yangu. Kuhusu tundu, nilianza kuelewa nilipoona mahali ubao ulipokuwa, mabati yamekunjwa kwenda nje kama midomo. Mnajua nilifanya nini? Nilikwenda kwenye kabichi, nikaokota ubao na gunia, nikavitupa ndani ya choo. Kisha nikaketi, nikanyamaza.

Nilinyamaza siku tatu. Mama Kavira alikuja kwenye kona yake siku ya kwanza, akakaanga, hakuna aliyenunua. Siku ya pili watoto walipita upande wa pili wa barabara. Siku ya tatu hakuwasha moto kabisa. Alikaa tu na karai lake tupu mbele yake. Na jioni hiyo chifu wa mtaa aliita mkutano nyumbani kwa Papa Paluku, kuamua kama mwanamke yule aondoke mtaani. Alikuwa na watoto wanne na nyumba moja.

Papa Paluku alikuwa amekaa kwenye kiti uani, bandeji ya jicho moja imetolewa asubuhi ile, jicho jekundu lakini linaona. Mama Masika alisema yake. Wengine wakaitikia. Mama Kavira alisimama bila kulia, akasema, "Moto yangu ilikuwa mu mikono yangu. Sina mingine ya kusema." Chifu akauliza kama kuna mtu mwenye neno jingine.

Nilisimama. Nikasema yote: tundu, gunia, lami, dirisha, kibanio, na choo pia.

Papa Paluku akanigeuzia lile jicho moja.

"Ulitoa pince na groupe inatembea?"

"Ndiyo, Papa."

"Mujinga." Kisha akawageukia watu. "Lakini musikilize. Huyu mutoto aliniuliza ile kitundu ni ya nini, na mimi sikumujibu. Niliogopa akijua, atakimbia kazi. Na niliogopa nyinyi mukijua, hapana leta tena batteries zenu. Donc tuko bajinga babili."

Mama Masika hakukubali. Alitaka kujua gesi gani hiyo isiyoonekana inayopasua paa. Papa Paluku akaniamuru niwashe groupe pale uani, palipo wazi. Tukachukua betri moja iliyojaa, tukatia mpira mwembamba kwenye kifuniko, mwisho wake ndani ya sahani ya maji ya sabuni. Povu likapanda, jeupe, zuri, la kuoshea vyombo. Tukazima groupe. Nikaibeba sahani mbali, mwisho wa ua, mbali na betri. Hapo Papa Paluku akasema, "Mama Kavira, lete moto yako."

Alikwenda nyumbani kwake akarudi na kijiti kirefu kinachowaka. Watu wakasogea nyuma. Akaligusa lile povu kwa ncha ya kijiti, mkono umenyooka.

Pa! Kuku wakaruka. Mama Masika akaangukia mapajani mwa chifu, na chifu hakulalamika. Sahani ilikuwa nzima, povu halipo.

"Ile ni povu ya sahani moja," alisema Papa Paluku. "Mu nyumba yangu ilikuwa chini ya mabati yote. Na moto ya huyu mama ilikuwa inje, mbali. Kama kuko mutu bado anasema ulozi, akuje nimupe sahani yake."

Chifu alitaka kufunga mkutano, lakini Papa Paluku alikuwa bado ana hukumu yangu. Kesho yake asubuhi nisimame kando ya karai la Mama Kavira, nimpulizie makaa, na kila atakayepita nimwambie kwa mdomo wangu nani alilipua nyumba.

Nilisimama. Mwanzoni nilieleza vizuri. Kufikia mtu wa saba nilikuwa nafupisha, nasema tu, "Ni mimi, si yeye," na Mama Kavira alinigonga mkono kwa kijiko cha kukaangia. "Sema yote. Na gunia, sema." Nikasema na gunia. Watu walicheka, na wanaocheka hununua. Mama Masika alikuja akachukua mandazi kumi bila kuangalia uso wa mtu, akaondoka akisema "Wasingya", asante ya Kinande, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. Papa Paluku alipita akishikwa mkono na binti yake, akala mawili amesimama, akasema yana chumvi nyingi.

Karai lilipobaki na andazi moja, Mama Kavira alilitoa, akalifuta mafuta, akanipa.

"Kula."

"Mama, sistahili."

"Kula, nimesema. Ile siku nilikuona ukitupa gunia mu choo."

Nilimuuliza kwa nini basi hakusema, siku zote tatu, hata mbele ya chifu walipotaka kumfukuza.

Alikuwa anamwaga majivu, hakuinua kichwa.

"Kama ningesema mimi, weye ungebakia mwongo maisha yako yote. Nilikuwa nakungojea."